Mume Wangu Alivyoipoteza Mimbari

Kiburi ni dhambi, najua. Nimewafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kukitaja mwanzo kabisa katika vile vilema vikuu saba vya roho, na paroko wetu ameshakisikia kwangu kitubioni mara nyingi mpaka siku hizi ananiwahi: "Bado ni kile kile, Mwalimu?" Ni kile kile, Padre. Mume wangu ananipa kiburi, sasa nifanyeje?

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha Kiswahili na hesabu kwa watoto ambao nyumbani wanaongea Kisukuma, kwa hiyo nimezoea kurudia jambo moja mara kumi bila kukasirika. Hapana, nadanganya. Nakasirika. Mume wangu alikuwa katekista wa kigango chetu, huku upande wa Migato, kwa zaidi ya miaka ishirini. Padre wetu ana vigango vingi na pikipiki moja, kwa hiyo kwetu hufika Jumapili moja kwa mwezi, na korongo likijaa maji hafiki kabisa. Jumapili nyingine zote ni katekista anayeongoza ibada, anayehubiri, anayezika, anayefundisha wakatekumeni wanaongoja ubatizo na anayeamua nani kaiba kengele. Nyumbani ananiita Mwalimu, nami namwita Baba kama wanangu wanavyomwita.

Nilimwona mara ya kwanza Bariadi mjini, mimi mwalimu mpya, yeye winga wa kushoto wa timu ya kiwanda cha pamba. Kwao ni Nyashimo, kule barabarani, na watu wa barabarani wana mambo. Alikuwa mwembamba, anakimbia huku anacheka peke yake. Nikamwambia mwenzangu, yule kaka ni mwendawazimu. Mwaka uliofuata akanioa, na baadaye akaenda kusomea ukatekista. Mpira aliuingiza kanisani. Kwake yeye mtume Petro alikuwa beki anayepanda mbele bila kuambiwa, na Tomaso ni mchezaji anayegombana na mwamuzi kila saa. Wazee walicheka mwanzoni. Baadaye waliacha kucheka, kwa sababu hakuishia kwenye mpira.

Alihubiri choo. Ndiyo, choo, Jumapili, katikati ya ibada. Alikuwa wa kwanza kijijini kuweka mlango kwenye choo na dumu la maji ya kunawa nje yake, akawaambia waumini anayetaka kuja kukitazama anakaribishwa. Walikuja, nami nikawa napokea wageni wa choo kama nimefungua hoteli. Alihubiri chanjo. Aliwaambia wenye mabinti kwamba ng'ombe ni mnyama mzuri sana lakini hawezi kukusomea karatasi ya hospitali. Kitabu cha masomo kiliponyeshewa, alisimama akasoma Injili kwenye simu, na mzee mmoja akatoka nje akisema Mungu hakai kwenye vocha.

Lakini kuna jambo moja ambalo nikilikumbuka hata sasa nywele zinanisimama. Kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, mjane, macho yake mekundu. Mnajua huku kwetu bibi mwenye macho mekundu anaitwaje. Maneno yalikuwa yameanza, na maneno ya namna hiyo yakianza huishia pabaya. Mume wangu akaenda kwa yule bibi siku tatu mfululizo, akakaa naye kwenye kile kijumba chake kisicho na dirisha, akapika naye kwa moto wa mavi makavu ya ng'ombe, asubuhi na jioni. Jumapili akapanda mimbarini macho mekundu, yanatoa machozi. Akasema, "Haya, nitazameni. Na mimi ni mchawi?" Akafuta machozi. "Kama mimi si mchawi, basi ni moshi. Kesho nataka vijana wanne na matofali, tukamtobolee dirisha." Walikwenda kumi na mmoja. Bibi yupo hai mpaka leo, anakula kwetu, na ananisema vibaya mimi kwamba siweki chumvi.

Huyo ndiye mtu niliyeolewa naye. Sasa nije kwenye mpira wa akina mama, ambao ndio uliomponza.

Jumapili moja muuguzi wa zahanati aliomba nafasi baada ya ibada, akazungumza kuhusu presha na sukari na faida ya mazoezi. Alipokaa, mume wangu akasimama. "Akina mama," akasema, "ni lini mara ya mwisho mlikimbia bila kukimbilia mvua, ndama au mtoto?" Tulitazamana. Hakuna aliyekumbuka. "Basi Jumanne saa kumi, uwanjani. Njooni mkimbie tu." Nilitamani benchi linimeze.

Nyumbani nilimwakia. "Baba, mwanamke aliyeamka alfajiri akapalilia pamba, akachota maji, akatwanga, unamwambia akafanye mazoezi? Una akili timamu kweli?"

"Hiyo ni kazi, Mwalimu. Mimi nasema mchezo."

"Tofauti yake nini?"

"Ukicheza, hakuna anayekula jasho lako."

Usiku kucha nililigeuza hilo neno. Jumanne walikuja wanawake watatu, nami wa nne, maana mke wa katekista asipokwenda nani atakwenda? Akaniweka golini. Nilipomuuliza kwa nini, akasema, "Wewe hupendi kitu kikupite." Mwanaume huyu!

Baada ya miezi miwili tulikuwa thelathini. Tulivaa sketi juu ya taiti, na fulana zile zinazogawiwa wakati wa kampeni, lakini tulizivaa ndani nje kwa sababu katekista alikataza siasa uwanjani. Nguzo za goli zilikuwa za mgunga, mistari ya majivu. Na tulicheza vibaya, jamani. Mmoja alikuwa akipata mpira anaudaka na kuukumbatia. Mwingine kila akimnyang'anya mwenzake anasema, "Nisamehe, dada." Lakini tatizo kubwa lilikuwa wakwe. Mkamwana anakuja na mpira vizuri, anakutana na mama mkwe wake amesimama beki. Basi, anasimama, anainamisha macho, anasogea pembeni ampishe mkubwa apite. Na mama mkwe naye anapokea ile heshima, anaondoka na mpira taratibu kama amepewa kuku wa zawadi. Mume wangu alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Mwishowe akatuita katikati, akachora na kidole kwenye majivu, akasema, "Sikilizeni. Ndani ya huu mstari hakuna mkwe. Ukitoka nje, mpe heshima yake yote. Humu ndani, mnyang'anye."

Hilo neno ndilo lililozua balaa.

Mwenyekiti wa kigango chetu ni mzee aliyekuwa manju enzi zake, yaani kiongozi wa ngoma, mtunzi na mwimbaji, na manju akishakuwa mzee bado ni manju. Wilaya nzima wanamjua. Mkewe alikuwa beki wetu, na mkamwana wake alikuwa anacheza mbele upande wa pili. Wiki moja baada ya ile sheria ya majivu, mkamwana alimvamia mama mkwe wake, akamnyang'anya mpira kihalali kabisa, na mama akakaa chini kwa makalio, puu! Yeye mwenyewe alicheka mpaka akashindwa kuinuka. Watazamaji walicheka. Manju alikuwa anapita na baiskeli yake, akaona mke wake yuko chini, watu wanacheka, na mkamwana amesimama juu yake. Hakuuliza. Alipanda baiskeli akaenda zake, na Jumapili iliyofuata barua ilikuwa kwa paroko: katekista anawafundisha wanawake kupiga mateke na kudharau wakwe, aondolewe mimbarini.

Paroko alijibu kwamba atakuja kwenye sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango chetu, baada ya mavuno ya pamba, azungumze na pande zote. Jibu zuri, la kipadre. Lakini kabla hajafika, kamati ya kigango ilikaa, na huko manju akamtolea mume wangu maneno ambayo Msukuma hawezi kuyakimbia.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Sisi ngoma tunashindana. Makundi mawili yanacheza siku moja, sehemu moja, kila moja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda huku au kule. Hakuna jaji, hakuna alama. Muda ukiisha, kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda, kwisha. Manju akamwambia mume wangu mbele ya kamati: "Siku ya sikukuu, wewe cheza mpira wako mashariki ya uwanja, mimi nitacheza ngoma magharibi. Watu wakija kwako, nafuta barua. Wakija kwangu, unashuka mimbarini kwa miguu yako mwenyewe." Na mume wangu, mtu wa choo chenye mlango, mtu wa simu na chanjo, akasema sawa.

Mimi habari niliipata kwenye pampu ya maji. Nimeinama nasukuma, mwenzangu ananiambia, "Mayu," yaani mama, "kumbe mimbari imewekwa kwenye ngoma?" Niliacha ndoo pale pale.

Nilimkuta uani ananisaidia kuanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu, juani, utulivu mtupu, hana habari na hasira ninayokuja nayo.

"Baba, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Umeiweka mimbari ya Mungu kwenye ngoma?"

"Nimeweka ya kwangu. Ya Mungu haipotei."

"Na mimi uliniuliza? Anayesimama golini ni nani, wewe? Wanaokimbia na magoti yao mabovu ni nani, wewe? Unatuzungumzia sisi kwenye vikao kama mbuzi wa sokoni, halafu tunasikia kwenye pampu!"

Hapo ikanitoka ile iliyokuwa imenikaa rohoni miaka mingi. Nilimkumbusha mwaka alioshikwa na malaria akalala wiki mbili. Nilimwambia wakati ule, niache mimi niongoze ibada, nasoma vizuri kuliko mtu yeyote kijijini, watoto wao wote wamejifunza kusoma kwangu. Yeye, kitandani, anatetemeka, akaniambia, "Mwalimu, watu hawajazoea." Akampa kijana mmoja aliyesoma "Wakorinto" kama jina la dawa ya mifugo. Nilikaa benchini nikasikiliza, nikameza.

"Wewe," nikamwambia siku hiyo uani, "unawabadilisha wake za watu wote. Wa kwako hajazoeleka?"

Alichukua michembe akaanza kuigeuza, kipande kimoja kimoja, hata ile aliyokwisha kuigeuza. Nilimwacha juani nikaenda kufuata ndoo yangu.

Siku ya sikukuu ilifika. Misa nzuri, kwaya nzuri, wali na nyama kwenye masufuria yale makubwa ya jumuiya. Watu walitoka mpaka Lingeka, kwa baiskeli, maana habari ilikuwa imesambaa kwamba katekista na manju wanapimana. Paroko aliposikia mashindano yenyewe yalivyo alishika kichwa. Alisema yeye hakuja kuhukumu ngoma. Mume wangu akamwomba apulize filimbi tu, saa nane kuanza na saa kumi kumaliza. Padre akaichukua ile filimbi kwa vidole viwili kama kitu kilichookotwa.

Tulianza vizuri! Watu walikuja wengi kutucheka, na kucheka nako ni kuja. Walijaa nyuma ya goli langu mpaka nikawa naambiwa na watoto wa darasa langu la zamani, sasa wanaume wenye ndevu, "Mwalimu, kulia! Mwalimu, kushoto!" Nilidaka mpira mmoja wa kona, wakashangilia, nikajisahau nikawapungia mkono kama mbunge. Upande wa magharibi palikuwa na wazee wachache na vumbi. Nilimtupia jicho mume wangu. Alikuwa anakimbia pembezoni, anacheka peke yake, kama nilivyomwona Bariadi.

Halafu manju akavua viatu.

Mzee yule ana zaidi ya miaka sabini. Alifunga njuga miguuni, akasimama katikati ya watu wake, na akaanza kuimba bila ngoma, sauti tupu. Aliimba juu ya ng'ombe wa watu wema aliyeachwa akamuliwe na mgeni kutoka barabarani, mgeni aliyekamua kwa kuanzia mkiani. Tulijua sote mgeni ni nani. Wimbo ulikuwa na matusi ya heshima, ule utamu ambao Msukuma akiusikia miguu inaondoka yenyewe. Kisha ngoma zikaingia. Kwanza waliondoka vijana waliokuwa nyuma ya goli langu. Kisha wanaume. Kisha akina mama wenye watoto mgongoni. Beki wangu, mke wa manju, alisimama katikati ya mchezo, mabega yameanza kumcheza. Nikampigia kelele, "Mayu! Mpira!" Akaniambia, "Nausikia, Mwalimu, nausikia," na mabega yakaendelea. Nisiseme uongo: hata ya kwangu yalinisaliti mara mbili.

Golikipa wa wenzetu aliondoka kabisa kwenda kutazama. Mshambuliaji wetu akafika pale, akakuta goli tupu, akafunga. Tukashangilia wenyewe. Hakukuwa na mtu mwingine wa kushangilia. Saa kumi ilipofika, padre alipuliza filimbi, na upande wa mashariki tulikuwa na wachezaji kumi na wanane, padre, mume wangu, na yule bibi wa macho mekundu aliyekaa kwenye kigoda chake peke yake. Tulidhani amebaki kwa sababu masikio yake hayasikii ngoma. Mwenyewe anasema aliisikia vizuri sana.

Tulishindwa. Hakuna namna ya kulizunguka. Nilikaa chini katikati ya goli na glovu zangu za kulimia, nikalia kwa hasira.

Mume wangu alivuka uwanja mzima kwa miguu, polepole, watu wanamtazama. Akampa manju mkono. Akamwambia kwa Kisukuma kwamba wimbo ule ni mzuri, hasa pale pa mkiani. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa kanisa akamkabidhi padre. Padre akakataa kuupokea. Alisema ukatekista hautolewi kwa ngoma wala hauondolewi kwa ngoma. Na mume wangu akamjibu maneno ambayo kila nikiyakumbuka kifua kinanijaa.

"Padre, niliahidi mbele ya watu. Nikigeuka leo, Jumapili nitasimama kuwahubiria nini?"

Padre akaupokea ule ufunguo.

Tukaingia kanisani, kigango kizima, wengine bado na njuga na sisi na vumbi letu. Padre akasema: haya, katekista ameomba kupumzika, Jumapili ijayo mimi nipo kigango kingine, nani atasimama hapa? Manju alikuwa amejaa furaha, akasema wanaume wapo. Akawageukia wanaume. Wanaume wakatazama sakafu. Kushangilia ngoma ni jambo moja. Kuamka kuzika maiti siku ya mvua, kufundisha wakatekumeni Jumatano na Ijumaa, kusuluhisha ndoa za watu, na yote bila mshahara, hilo ni jambo jingine. Manju akamtaja mmoja, huyo akakohoa. Akamtaja wa pili, huyo akasema macho yake hayaoni vizuri, na mchana ule ule nilimwona akitunga uzi kwenye sindano.

Sauti ikatoka kwenye mabenchi ya wanawake. Alikuwa mkamwana wa manju, yule yule mnyang'anya mipira. "Mwalimu yupo," akasema.

Nilihisi watu wote wananigeukia. Manju akatikisa kichwa, wala hakuwa na ubaya, alisema tu kama mtu anayesema leo ni Jumapili. "Mwalimu anajua kusoma, hatukatai. Lakini mwanamke mimbarini, watu hawajazoea."

Hapo mume wangu akasimama. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Hayo maneno si ya mwenyekiti," akasema. "Hayo ni ya kwangu. Niliyasema mimi, nyumbani kwangu, kumwambia mke wangu, nikiwa mgonjwa na yeye akitaka kunisaidia. Nimewahubiria ninyi mambo mapya miaka yote hii, na hilo moja nikaliacha nje ya mlango wangu. Nilikosea. Naungama hapa hapa, padre akiwapo."

Njuga ya mtu ikalia mguuni. Mimi nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga ngumi, vyote kwa pamoja. Miaka yote ile, na anakuja kusema mbele ya watu mia tatu, mimi nikiwa na vumbi na machozi usoni! Nikasimama.

"Samahani, Padre," nikasema. "Huyu anasema Mwalimu yupo, huyu anasema watu hawajazoea, huyu anaungama. Mbona hakuna anayeniuliza mimi?"

Padre akafunika mdomo. "Haya, Mwalimu. Unakubali?"

"Nakubali. Lakini mpira ni Jumanne na Jumamosi, na golini nasimama mimi."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka popo waliokuwa darini wakatoka. Manju alinitazama, kisha akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anapiga vigelegele kuliko wote, na mabega yakimcheza. Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka, kile kicheko cha mtu anayejua uwanja unapomgeukia. "Haya basi, mayu," akasema. "Watu wamekwenda kwako. Mimi nani?"

Jumapili iliyofuata nilipanda mimbarini. Nimesimama mbele ya watoto zaidi ya miaka thelathini, nilidhani nitakuwa mzoefu. Niliongoza sala ya mwanzo nikasahau mstari mzima, watu wakanisaidia. Injili ya siku hiyo ilikuwa ya mpanzi na mbegu zake, na mimi mpira kwenye mahubiri siwezi, siwezi kabisa, nilifanya ninachokijua: niliwauliza maswali. Wewe nyuma pale, mbegu iliyoanguka njiani ni nani? Simama ujibu. Mzee mmoja alisimama akanijibu vizuri, nikasema vizuri sana, kaa chini, watu wakacheka, yeye akakaa na furaha ya mtoto. Wanaume wawili walitoka nje nilipoanza. Mmoja alirudi. Manju alikaa mbele, hakutikisika, na mwisho akaimba wimbo wa kutoka kwa sauti ile ile iliyotushinda.

Mume wangu alikaa benchi la nne upande wa wanaume, kwenye shati nililompigia pasi asubuhi. Sikuwahi kumwona akisikiliza. Anasikiliza mdomo wazi kidogo. Nilijivunia yule mtu, jamani, kuliko siku zote alizokuwa yeye amesimama na mimi nimekaa, na hilo nimeliungama na nitaliungama tena.

Kwetu ibada ikiisha, katekista husimama mlangoni awaage watu mmoja mmoja. Nilisimama. Waliniaga, wengine wakinishika mkono kwa nguvu, wengine wakipita haraka. Yeye alijiweka wa mwisho kwenye mstari. Mjue pia kwamba kwetu mke ndiye anayemwamkia mume, anapinda magoti kidogo, ndivyo tulivyolelewa. Mimi nimemwamkia hivyo kila asubuhi tangu anioe, hata siku nilizoamka nimemnunia, na sikuwahi kufikiri kunaweza kuwa kwa namna nyingine. Watu walikuwa wamejaa uani wanasubiriana, baiskeli mkononi. Alipofika mbele yangu alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Goti lake la kushoto liliumia enzi za kiwanda cha pamba, halikunjiki vizuri. Akalikunja. Taratibu, mpaka chini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Katekista," akaniamkia.

Nikamwinamia, nikamnong'oneza, "Inuka, Baba, watu wanatazama."

"Najua," akasema, na hakuinuka mpaka nilipomjibu.